Sukari ya ukoo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kurithi kisukari aina ya pili

Ukikaa kwenye benchi la kliniki ya kisukari asubuhi, utaona karibu kila mzee ana msindikizaji: binti, mkwe, au mjukuu aliyeshika kadi na chupa ya maji. Maswali yaliyo hapa ni ya hao wasindikizaji kuliko ya wagonjwa wenyewe. Huwa hawayaulizi ndani, mbele ya daktari. Huyauliza nje, wakisubiri dawa.

Mama yangu ana sukari. Ina maana na mimi lazima niipate?

Si lazima. Lakini hatari yako ni kubwa kuliko ya mtu ambaye wazazi wake wote hawana. Makadirio yanayotumika sana ni kwamba mwenye mzazi mmoja mwenye kisukari aina ya pili ana uwezekano wa takriban asilimia 40 wa kukipata katika maisha yake, na mwenye wazazi wote wawili hufikia karibu asilimia 70. Makadirio hayo yametokana zaidi na familia za Ulaya na Marekani, kwa hiyo yanakuonyesha uzito wa jambo, hayakutabirii wewe. Ndugu wa tumbo moja akiwa nacho, hatari yako ni mara mbili hadi tatu ya mtu asiye na ndugu wa namna hiyo.

Sasa igeuze hesabu. Katika watu kumi wenye mzazi mmoja mgonjwa, kama sita hivi hawatakipata. Hata pacha wa kufanana, ambao wana vinasaba vilevile, mmoja akipata kisukari hiki mwenzake hupata kwa takriban asilimia 70, si 100. Mzazi harithishi ugonjwa wenyewe, anarithisha wepesi wa kuupata.

Huo wepesi uko wapi mwilini?

Zaidi uko kwenye kongosho. Ndani yake kuna seli zinazotengeneza insulini, homoni inayoruhusu sukari kutoka kwenye damu na kuingia kwenye misuli na ini. Mtu akinywa chai na chapati mbili, kongosho lenye afya humwaga insulini ndani ya dakika chache, tena kwa wingi, kisha linaendelea kidogo kidogo. Kwa mtu aliyerithi udhaifu, ule mmwago wa kwanza huwa hafifu au unachelewa. Sukari inapanda, insulini inaifuata nyuma. Ujana hufidia hayo yote. Kadiri umri unavyokwenda na kitambi kinavyoongezeka, misuli na ini vinaanza kuikaidi insulini, kongosho linalazimika kutoa mara mbili ya zamani, na lile lililoanza maisha na akiba ndogo ndilo linaloshindwa mapema.

Kinasaba kinachojulikana zaidi katika habari hii kinaitwa TCF7L2. Watafiti wa Iceland walikitangaza mwaka 2006. Kila nakala ya aina yake yenye hatari huongeza uwezekano wa kisukari kwa takriban asilimia 40, na mwenye nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama, anakaribia mara mbili. Wanaokibeba hutoa insulini kidogo baada ya kula, kwa sababu homoni za utumbo zinazoliarifu kongosho kwamba chakula kimefika hazisikilizwi ipasavyo.

Hicho ndicho kikubwa kuliko vingine vya kawaida. Vilivyobaki ni vidogo mno, na ni vingi. Mwaka 2024 ulichapishwa uchambuzi wa watu zaidi ya milioni 2.5 kutoka pande mbalimbali za dunia, ukataja maeneo 611 kwenye vinasaba yanayohusiana na kisukari aina ya pili. Yachukulie kama mchango wa harusi: huyu katoa elfu tano, yule elfu kumi, hakuna hata mmoja anayeweza kusema harusi ni yake, lakini ukijumlisha ukumbi unalipwa. Ndiyo maana hakuna daktari atakayekuonyesha "kinasaba cha sukari" cha familia yenu.

Kama ni damu ya ukoo, mbona babu zetu hawakuwa na sukari?

Swali zuri kuliko yote, na jibu lake limo humuhumu nchini. Mwaka 1989 jarida la Lancet lilichapisha uchunguzi uliofanywa vijijini Tanzania. Watu wazima waliopimwa walikutwa na kisukari kwa kiwango cha karibu asilimia 1 tu. Mwaka 2012 utafiti wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza ukakuta karibu asilimia 9. Njia za kupima hazikuwa sawa, na wa pili ulichukua mijini pia, kwa hiyo usizipange namba hizo kama ngazi mbili za nyumba moja. Lakini hata ukipunguza hapa na pale, pengo linabaki, na ndani ya miaka 23 vinasaba vya taifa havibadiliki. Kilichobadilika ni bodaboda mlangoni, kazi ya kukaa, mafuta ya kupikia kwa bei ya kipimo, soda kila kona na sembe iliyokobolewa ikawa nyeupe pee.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Wapima, watu wa asili wa Amerika. Sehemu yao inaishi Arizona, Marekani, na sehemu nyingine imebaki milimani Maycoba, Mexico. Kwa vinasaba ni jamaa wa karibu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kisukari aina ya pili kwa asilimia 38 ya watu wazima wa upande wa Arizona, na asilimia 6.9 upande wa Mexico, ambako watu walikuwa bado wanalima kwa mikono, wanatembea milima na kula maharage na mahindi yao wenyewe. Wa Arizona wamekuwa wakitajwa kwa miaka mingi kama kielelezo cha "damu yenye sukari". Damu ileile, ng'ambo ya mpaka, haikufanya hivyo.

Kwa hiyo babu yako huenda alikuwa na vinasaba hivihivi ulivyo navyo. Alikuwa navyo, navyo vikalala.

Kwetu hakuna mwenye kisukari. Naweza kupumzika?

Kwanza hakikisha. Mazungumzo ya aina hii hutokea sana mezani kwa muuguzi:

"Mzee, kwenu kuna mtu ana sukari?"

"Hapana, sista. Kwetu sote wazima."

"Na baba alifariki kwa nini?"

"Aa, yule alikuwa na kidonda cha mguu. Kilikataa kupona. Wakamkata hapa, baadaye wakamkata tena juu, ndiyo akafariki."

"Na shangazi?"

"Shangazi alipofuka. Walisema ni mambo ya watu."

Kidonda kisichopona, mguu uliokatwa mara mbili, macho yaliyozimika katika umri wa miaka hamsini, figo "zilizofeli ghafla", mjomba aliyekonda huku akinywa maji ndoo nzima: nyingi za habari hizi zilikuwa kisukari ambacho hakikupimwa. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu wazima wapatao milioni 24 katika kanda yake ya Afrika, isiyohesabu nchi za kaskazini, wanaishi na kisukari, na zaidi ya nusu yao hawajui. Kama leo hali ni hiyo, fikiria enzi za babu. Ukimuuliza mtu "nani ana sukari kwenu" utapata jibu la "hakuna". Muulize nani alikatwa kiungo, nani alipofuka, nani alijifungua watoto wakubwa kupita kiasi, na walikuwa na umri gani. Umri una uzito: baba aliyeanza kuugua akiwa na miaka 38 anakuambia mengi kuhusu urithi kuliko bibi aliyegunduliwa akiwa na 79.

Na waulize mashangazi. Wanaume wa ukoo hukumbuka mashamba na mipaka. Mashangazi ndio waliouguza.

Mume wangu ana kisukari, hatuna udugu wa damu. Mbona na mimi sukari imeanza kupanda?

Kwa sababu mnakula chungu kimoja. Uchambuzi wa tafiti kadhaa uliochapishwa mwaka 2014 uliona kwamba mwenye mwenzi mgonjwa wa kisukari ana hatari kubwa zaidi kwa takriban asilimia 26. Hapo hakuna kinasaba kilichopita. Vivyo hivyo kwa watoto: mnachowarithisha si vinasaba peke yake, ni pamoja na idadi ya vijiko vya sukari kwenye chai na imani kwamba mtu aliyenenepa ndiye aliyefanikiwa.

Mimi ni mwembamba. Kisukari si cha wanene?

Uzito ni chanzo kikubwa, lakini si mlango pekee. Kuna watu ambao urithi wao umewapa akiba ndogo ya insulini, nao huugua bila unene. Kuna wengine ambao mikono na miguu yao ni myembamba lakini mafuta yote yamekaa tumboni, kuzunguka ini. Watu wenye asili ya Asia Kusini, wakiwemo Wahindi wa Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar, hupata kisukari wakiwa na uzito mdogo kuliko Wazungu, ndiyo maana mpaka wa kiuno uliowekwa kwa wanaume wao ni sentimita 90 badala ya 94. Kwa wanawake ni 80 kwa wote. Chukua futi ya fundi cherehani, ipitishe katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, pumua nje kawaida, usome. Usiupime mkanda wa suruali: wenye vitambi huufunga chini yake.

Jambo jingine ni njaa ya utotoni, hasa tumboni mwa mama. Waliokuwa tumboni wakati wa njaa kubwa ya Uholanzi ya 1944 na 1945 walikutwa, wakiwa watu wazima, na uwezo mdogo wa kudhibiti sukari. Mtoto aliyekua kwa uhaba kisha akaja kuishi kwa wingi yuko hatarini hata kama hakurithi chochote kibaya.

Nilipata kisukari cha mimba, kikaisha nilipojifungua. Yamekwisha?

Sukari imeshuka, onyo limebaki. Mwanamke aliyewahi kupata kisukari cha mimba ana hatari mara nyingi zaidi ya kupata aina ya pili baadaye. Pima tena kati ya wiki ya 4 na ya 12 baada ya kujifungua, kisha kila mwaka mmoja hadi mitatu, maisha yako yote. Wengi hawarudi. Kliniki ya mtoto wanaihudhuria kwa uaminifu, chanjo hazikosi, lakini kidole cha mama mwenyewe hakichomwi tena mpaka mimba nyingine.

Kuna habari ya watoto pia. Huko kwa Wapima wa Arizona, watafiti walilinganisha ndugu wa mama mmoja na baba mmoja: waliozaliwa kabla mama hajapata kisukari na waliozaliwa baada. Waliokaa kwenye tumbo lenye sukari nyingi walikuwa wanene zaidi na walipata kisukari zaidi, ingawa walichota vinasaba kisima kimoja. Kwa hiyo kudhibiti sukari wakati wa mimba ni kazi unayomfanyia mtoto ambayo huwezi kuifanya baadaye.

Nilipe kipimo cha DNA nijue hatari yangu?

Kwa kisukari cha kawaida aina ya pili, ushauri wangu ni hapana. Weka hela yako. Alama za hatari zinazokokotolewa kutoka kwenye vinasaba zimejengwa zaidi kwa data za watu wenye asili ya Ulaya, na kwa Waafrika hukosea zaidi. Kazi ya kuziba pengo hilo ipo: mwaka 2019 utafiti uliohusisha watu wa Nigeria, Ghana na Kenya ulionyesha kinasaba kiitwacho ZRANB3 kama kimojawapo cha kisukari kwa Waafrika. Ni sayansi muhimu, ila bado haikubadilishii chochote mezani kwa daktari. Ukijua historia ya ukoo wako, kiuno chako, presha yako na sukari yako ya asubuhi, umeshajua karibu kila kitu ambacho kipimo hicho kingekuambia, na ushauri utakaopewa ni uleule.

Lakini kuna hali ambapo kipimo cha vinasaba hubadilisha tiba kabisa. Mtoto aliyepata kisukari kabla ya kutimiza miezi sita karibu kila mara ana hitilafu ya kinasaba kimoja, na baadhi yao huacha sindano za insulini wakatumia vidonge vya glibenklamidi. Vilevile ukoo ambao vizazi vitatu mfululizo, bibi, baba na kijana, wote wameanza kabla ya miaka 25 au 30, wembamba, bila dalili za aina ya kwanza. Hao huenda wana aina iitwayo MODY, ambapo kinasaba kimoja tu kinatosha na kila mtoto ana nafasi ya nusu kwa nusu. Aina mojawapo ya MODY hutulia vizuri kwa dozi ndogo ya vidonge. Nyingine haihitaji dawa yoyote nje ya ujauzito. Ukiona ukoo wa namna hiyo, mwambie daktari waziwazi. Ni wachache, asilimia chache tu ya wagonjwa wote, na wengi wao hubandikwa jina lisilo lao kwa miaka.

Nianze kupima lini, na kipimo gani?

Miongozo ya Marekani husema watu wote waanze wakiwa na miaka 35, lakini mwenye uzito uliozidi pamoja na mzazi au ndugu wa tumbo moja mwenye kisukari apime mapema zaidi, bila kusubiri umri huo. Kwa ukoo wenye kisukari, mimi ningeanza miaka ya ishirini.

Cha kwanza na rahisi ni sukari ya asubuhi. Kaa kwa muda wa saa nane bila kula wala kunywa kitu isipokuwa maji matupu. Chai ya rangi isiyo na sukari nayo iache tu, na miwa ya njiani ni kifungua kinywa. Kuanzia 7.0 (kipimo ni mmol/L, milimoli kwa lita) ni kisukari, lakini kama huna dalili lazima kipimo kirudiwe siku nyingine kabla hujapewa jina hilo. Kati ya 6.1 na 6.9 Shirika la Afya Duniani linaiita sukari iliyoanza kupanda. Wamarekani wanaanzia 5.6. Ile mashine ndogo ya kidole inafaa kukushtua, ila uthibitisho ufanyike maabara kwa damu ya mshipa.

Cha pili ni HbA1c, kile cha wastani wa miezi mitatu, ambacho hakihitaji kufunga. Kuanzia asilimia 6.5 ni kisukari. Hapa nina angalizo ambalo wengi hawapewi. Kipimo hiki husoma sukari iliyoganda kwenye chembe nyekundu za damu, kwa hiyo chochote kinachofupisha maisha ya chembe hizo huishusha namba kwa uongo. Pwani na ukanda wa Ziwa Victoria kuna watu wengi wenye kinasaba kimoja cha selimundu, na wengi wenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinachozilinda chembe hizo. Vyote viwili vimeenea kwa sababu viliwakinga wazee wetu na malaria. Utafiti wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba aina ya upungufu wa G6PD iliyo ya kawaida kwa watu wenye asili ya Afrika hushusha HbA1c ya mwanaume kwa takriban asilimia 0.8. Mtu aliyestahili 6.9 anasoma 6.1 na anarudishwa nyumbani. Kama una selimundu au kinasaba chake, au HbA1c yako haiendani na sukari zako za asubuhi, iamini sukari ya asubuhi, au omba kipimo cha kunywa glukosi.

Nikijibana na chakula na mazoezi, si vinasaba vitashinda tu?

Jambo hili limejaribiwa, halihitaji kubishaniwa. Marekani walichukua watu 3,234 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda, wakawagawa. Waliopunguza kama asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari ya kuingia kwenye kisukari kwa asilimia 58. Waliomeza metformini, dawa ya kisukari, walipunguza kwa asilimia 31. Matokeo yalitoka mwaka 2002. Miaka minne baadaye wakaangalia TCF7L2 ya washiriki haohao. Wenye nakala mbili za hatari, wakiwa hawajafanya lolote, waliugua zaidi ya wenzao. Wenye nakala mbili waliobadili maisha hawakutofautiana sana na wasio nazo.

Kwa mtu wa kilo 80, asilimia 7 ni kilo tano na nusu, si kuwa mwanamitindo. Dakika 150 ni kushuka vituo viwili kabla ya chako na kutembea kwa haraka, siku tano. Chupa ya soda ya mililita 300 ina karibu vijiko vinane vya chai vya sukari; hiyo ndiyo ya kwanza kuondoka, na juisi ya dukani inaifuata. Ugali hauhitaji kufukuzwa nyumbani. Punguza tonge, ongeza mchicha na maharage, na kama dona inapatikana, dona.

Kuna dawa ya asili ya kuondoa sukari ya ukoo?

Hakuna mzizi unaobadili vinasaba. Wanaotangaza "kusafisha kongosho" wanauza matumaini, na hatari kubwa si ile chupa bali vidonge vinavyowekwa kando wakati chupa inatumika.

Tunataka kuoana, na sisi ni mabinamu. Itakuwaje kwa watoto?

Ndoa za karibu huongeza zaidi yale magonjwa yanayohitaji nakala mbili za kinasaba kimoja, kama selimundu. Pimeni selimundu kabla ya yote. Kwa kisukari aina ya pili, swali ni kama wazazi wenu wa pande zote wanacho, na hilo lingeulizwa hata kama msingekuwa ndugu.

Nina miaka 26, sina kiu, sikojoi usiku, najisikia mzima. Kwa nini nipime sasa?

Kwa sababu dalili huja mwishoni. Katika utafiti mkubwa wa Uingereza, wagonjwa wapya wa kisukari aina ya pili walikadiriwa kuwa wameshapoteza karibu nusu ya uwezo wa kongosho wa kutengeneza insulini siku walipogunduliwa, na baadhi walikuwa tayari na madhara machoni. Nenda asubuhi moja kabla ya chai. Ikisoma 4.8, rudi baada ya miaka mitatu.